Mwandishi wa Newala asisubiri Dar es Salaam

Ukikaa muda wa kutosha kwenye steshenari yoyote ya Masasi mjini, utaiona tu. Kaunta ya kwaya tatu, jalada limeshikiliwa na selotepu, vichwa vya sura vimeandikwa kwa kalamu nyekundu na hadithi yenyewe kwa bluu, kurasa zimepewa namba kwa mkono. Mwenye nayo ni mwalimu mstaafu, au nesi, au kijana aliyemaliza kidato cha nne akarudi kwenye mikorosho ya baba yake. Amekuja kuulizia bei ya kuchapa kwa kompyuta. Anatajiwa bei ya ukurasa mmoja, anapiga hesabu kimyakimya, anauliza kama anaweza kuanza na sura tatu. Halafu linakuja swali ambalo nimelisikia Masasi, nikalisikia Newala, nikalisikia hata ndani ya basi la kupanda kutoka Kitangali: "Hivi wewe, una mtu Dar?"

Swali hilo linabeba imani nzima. Kwamba kitabu hakiwi kitabu mpaka kampuni kubwa ya Dar es Salaam au Nairobi ikikubali. Kwamba kukubaliwa huko kunataka kujuana. Na kwamba asiye na mtu Dar afunge kaunta yake, aiweke juu ya kabati, asubiri.

Mimi nasema asisubiri. Mwandishi wa ukanda huu ana nafasi nzuri zaidi ya kusomwa, na kuendelea kusomwa, akianzia kwa mchapishaji mdogo: yule ambaye ofisi yake ni chumba kimoja, anayesoma mswada mwenyewe, anayepokea simu mwenyewe. Wala simpi mtu pole kwa kukosa kikubwa. Historia ya vitabu vyetu vya Kiswahili, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu wa namna hiyo.

Tusome kwenye mabano

Anayebisha achukue karatasi ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne, ya mwaka wowote kati ya miaka mingi iliyopita, aende kwenye sehemu ya fasihi. Kuna orodha ya vitabu. Jina la kitabu, jina la mwandishi, kisha kwenye mabano kifupisho cha mchapishaji. Watahiniwa hawana muda na mabano yale, wana saa tatu tu. Tuyasome sisi tuliokwisha kupata divisheni zetu.

Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo: Heko. Joka la Mdimu ya Abdallah Safari: Huda. Takadini ya Ben Hanson: Mathews Bookstore and Stationers, yaani kwa jina lake mwenyewe, duka la vitabu na kalamu. Ndizo riwaya tatu ambazo kizazi kizima cha vijana wa Tanzania kimezijibia maswali, kutoka Tarime hadi Tandahimba. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye kampuni yenye lifti.

Heko ilikuwa mali ya nani? Ya Ben Mtobwa, mtunzi wa hadithi za upelelezi aliyefariki mwaka 2008, mtu ambaye wasomi wengi walimwona mwandishi wa kusomwa safarini na kutupwa. Aliandika, akachoka kuwategemea wengine, akaanzisha gazeti na uchapishaji wake. Kisha Mbogo, mhadhiri wa chuo kikuu, akampa mswada huyo mtunzi wa hadithi za bastola, na leo mtoto wa Nanyumbu anawajua Peter na Zita kama anavyowajua majirani zake. Huda nayo, nani aliijua kabla ya Joka la Mdimu?

Sikatai kwamba wakubwa nao wamo kwenye orodha hiyo. Tamthiliya ya Orodha ilitoka Macmillan Aidan. Lakini mwenye kusema "wadogo hawakufikishi popote" anieleze popote ni wapi, kama si mbele ya kila mtahiniwa nchini.

Na si sisi peke yetu. Mwaka 1972 Walter Rodney, akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. London kilichapishwa na Bogle-L'Ouverture, kampuni ya mume na mke, Eric na Jessica Huntley, iliyoanza mwaka 1969 kwa sababu walitaka hotuba za Rodney zisomwe. Hapa nyumbani kilitolewa na Tanzania Publishing House, ambayo mwaka huohuo ilianza kuongozwa na Walter Bgoya. Kampuni ngapi kubwa za London za wakati ule zina kitabu kinachoendelea kuuzwa zaidi ya miaka hamsini baadaye?

Bgoya huyohuyo, alipoondoka kwenye shirika la umma, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Kwa vipimo vya dunia ni kampuni ndogo. Ndiyo iliyotoa Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, riwaya iliyoshinda tuzo ya Mabati-Cornell. Na Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, riwaya yake ya Paradise haikurudi kwa Waswahili kupitia jumba lolote kubwa la Ulaya; ilirudi mwaka 2022 ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kupitia Mkuki na Nyota.

Ndanda palikuwa na mashine

Kinachonikera zaidi ni kwamba swali la "mtu Dar" linaulizwa Masasi. Masasi! Ingekuwa wilaya nyingine ningenyamaza.

Chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, kando ya barabara ya kwenda Lindi, iko Ndanda. Wabenediktini walifika hapo mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vinafuka moshi, na miongoni mwa vitu walivyovijenga, mbali na hospitali na shule, kulikuwa na kiwanda cha kuchapa. Ukipekua vitabu vya zamani vya Kiswahili kwenye nyumba za wazee utakutana na maneno haya chini ya jalada: Ndanda Mission Press, au Benedictine Publications Ndanda–Peramiho. Katekisimu, ndiyo. Nyimbo za kanisani, ndiyo. Lakini na ushairi.

Mwaka 1963 Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mmoja wa washairi wakubwa waliopata kutokea nchini, alitaka utenzi wake mrefu juu ya Injili utoke. Utenzi wa Enjili Takatifu haukuchapishwa Dar es Salaam wala Nairobi. Ulichapishwa Ndanda. Mshairi wa taifa zima alileta kazi yake kwa watawa wa kijijini, Wilaya ya Masasi, kwa sababu hao ndio waliokuwa na hamu ya kazi ya namna ile na mashine ya kuitoa. Hiyo ndiyo kazi ya mchapishaji mdogo: kukipenda kitu ambacho mkubwa haoni pa kukiuza.

Sasa tazama upande wa pili, wa wale ambao hawakupata mtu kama huyo. Mwaka 1906 huohuo, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikaa Newala na Masasi akikusanya hadithi, nyimbo na maelezo ya jando na unyago, akanasa sauti za watu kwa fonografu. Mwaka 1908 kitabu kikatoka, Leipzig, kwa Kijerumani. Wazee wa Newala walitoa maneno, Leipzig ikapata mwandishi. Au mchukue Padri Kolumba Msigala wa Anglikana, mtu wa hapahapa, aliyeandika kumbukumbu zake za maisha ya misheni na ya watu wa Masasi. Wanahistoria wamezitumia na kuzitaja katika vitabu vyao vya Kiingereza. Muulize muuza vitabu wa Masasi kama anayo nakala.

Na yule mwana wa Masasi aliyefika juu kuliko wote? Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akasoma Ndanda, akawa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa Rais. Kumbukumbu zake, My Life, My Purpose, zilitoka mwaka 2019, miezi michache kabla hajafariki. Mchapishaji ni Mkuki na Nyota. Mtu aliyeongoza nchi miaka kumi, mwenye marafiki kila bara, kitabu chake kimebeba nembo ya mchapishaji wa Kitanzania. Lakini mwalimu wetu mstaafu, mwenye kaunta yake, anaona kampuni ya namna hiyo haimtoshi, mpaka Oxford University Press!

Kwa nini wakubwa hawajibu

Tuwe waungwana kwa wakubwa pia. Kwa miaka mingi walichokula ni vitabu vya kiada. Kitabu cha hisabati cha darasa la tano ndicho kilicholipa mshahara wa mhariri aliyesoma riwaya. Serikali ilipoikabidhi Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kuandika na kuchapa vitabu vya kiada, miaka ya 2010, mkate huo ukaondoka mezani. Kampuni ikibanwa inaanza kukata wapi? Inaanza na riwaya ya mtu asiyejulikana, wa wilaya isiyojulikana.

Kwa hiyo mswada wako ukikaa miaka miwili bila jibu, usitafute mchawi. Huenda hakuna aliyeufungua.

Mdogo naye ana njaa yake, lakini ni njaa nyingine. Anahitaji kitabu ambacho wengine hawana. Nani mwingine atamletea simulizi za akina mama wa uwandani walioteremka makorongo usiku kufuata maji kabla ya mabomba kufika? Nani atamletea habari za vijiji vya kando ya Ruvuma miaka ya vita vya FRELIMO, 1964 hadi 1974, watu walipovuka mto usiku na watoto mgongoni? Mhariri wa ghorofani atakwambia soko lake dogo. Mhariri wa chumba kimoja, kama ana akili, atakwambia leta. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na sidhani kama walikuwa wakiwafikiria wacheza ngoma peke yao.

Kangomba ya miswada

Hapa nataka kutulia kidogo, kwa sababu udogo si utakatifu.

Kila mkulima wa korosho anaijua kangomba. Mtu anakuja kijijini mwezi wa njaa, kabla ghala halijafunguliwa, na bakuli lake na pesa taslimu. Mtoto anaumwa, sare ya shule imechanika. Unampa korosho kwa bei ya kutupa, naye anasubiri mnada. Uandishi nao una kangomba yake. Wapo wanaojiita wachapishaji ambao humpa mwandishi laki mbili, wakamsainisha karatasi moja isiyo na tarehe, na kuanzia hapo kazi ni yao milele, kwa kila toleo, kila lugha, na filamu juu. Wapo na wa kinyume chake: wanaotaka mwandishi ndiye alipe, alipe kuhaririwa, alipe jalada, alipe kuchapa, kisha akabidhiwe maboksi na kupewa hongera. Huyo wa pili ni fundi wa kuchapa. Si vibaya kuwa fundi, lakini fundi unamlipa kwa saa zake na unabaki na mali yako yote. Humgawii haki.

Mchapishaji wa kweli, awe mdogo kiasi gani, anaweka pesa yake. Ndiyo maana anakuwa mkali na mswada wako. Anakurudishia sura ya nne mara tatu. Vumilia. Huo ukali ndio unaoutafuta.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba useme ni nakala ngapi zitachapwa. Useme mrabaha ni asilimia ngapi, ya bei ipi, unalipwa mwezi gani. Asilimia 10 ndiyo iliyozoeleka. Useme taarifa ya mauzo itakuja kwa maandishi kila mwaka hata kama kimeuzwa kimoja. Na zaidi ya yote useme kitabu kikiisha sokoni na mchapishaji asirudie kukichapa ndani ya muda fulani, haki zinarudi kwa mwandishi. Kipengele hiki cha mwisho watu wanakiruka, nacho ndicho muhimu kuliko vyote kwa kampuni ndogo. Kampuni ya mtu mmoja hufa na huyo mtu. Akifariki, akifilisika, akihamia Dodoma kufanya biashara ya saruji, kitabu chako hakitakiwi kuzikwa naye.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Maana yake watoto wanaorithi mikorosho wanarithi na kitabu. Je, baba ameacha karatasi? Familia ngapi huku kwetu zina hati ya shamba na hazina nakala ya mkataba wa kitabu cha marehemu?

Maboksi chini ya kitanda

Tuje kwenye fedha, maana mama mwenye nyumba anasubiri kusikia.

Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na mrabaha ni asilimia 10. Nakala 300 zikiisha zote, mwandishi anapata 300,000. Kwa ile bei ya 3,300 kwa kilo iliyotangazwa na Rais Magufuli msimu wa 2018, hizo ni kilo 90 na kidogo za korosho. Miaka miwili ya kuandika usiku, kwa korosho za miti michache. Anayeingia kwenye uandishi akidhani atanunua bajaji kwa kitabu cha kwanza, amwulize mkewe kwanza.

Lakini linganisha na njia ambayo wengi huifuata kwa kukata tamaa. Msimu umekuwa mzuri, malipo yameingia benki, mzee anachukua milioni kadhaa anakwenda kuchapa nakala 1,000 kwa gharama zake, maana fundi amemwambia nyingi ndiyo nafuu. Maboksi yanarudi na basi. Anauza 80 kwa ndugu, anagawa 40 kwa viongozi, zinazobaki zinakwenda chini ya kitanda, mchwa wanazisoma. Februari ikifika, unga unahesabiwa kwa kibaba na mtoto amerudishwa nyumbani kwa michango, ndani kuna vitabu zaidi ya mia nane ambavyo haviliki. Nyumba kama hiyo haitakubali kitabu cha pili. Na bila kitabu cha pili hakuna mwandishi.

Mchapishaji mdogo mwenye busara huanza na nakala mia mbili au tatu. Mashine za siku hizi zinaruhusu. Hasara ni yake. Anachukua namba ya ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, anapeleka nakala panapostahili, anawasilisha kitabu kwenye tuzo. Tangu 2023 tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na kijana wa Masasi ana haki ya kushindana sawa na wa Masaki. Akiuza vizuri, anarudia kuchapa. Wengi pia humuuzia mwandishi nakala kwa punguzo. Ukinunua kwa 6,000 ukauza kwa 10,000, hiyo 4,000 ya kila kitabu inakuzidia mrabaha mara nne, na unaipata papohapo.

Uuze wapi? Swali hili nalo limewashinda watu waliozaliwa kwenye gulio. Chuo cha Ualimu Kitangali kipo. Mahafali mengi ya shule huangukia Oktoba, na huo ndio msimu wa minada, watu wana fedha. Anayezindua kitabu mwezi Machi huku kwetu ana matatizo yake binafsi. Mwenye duka atakuomba umwachie kwa mali kauli; mwachie tano, si hamsini, na andika. Waandishi wa riwaya walioungana kwenye UWARIDI, chini ya akina Hussein Tuwa, wameonyesha kwamba mtunzi anaweza kusimama na mtunzi mwenzake wakauza vitabu vya wote wawili. Masasi na Newala wako waandishi wa kutosha kufanya hivyo, kila mmoja ana kaunta yake juu ya kabati na hajui kwamba jirani naye anayo.

Shilingi moja ya kilo

Lipo jambo moja ambalo mwandishi na mchapishaji hawaliwezi peke yao, nalo ni mnunuzi wa kwanza. Mchapishaji mdogo akijua kwamba nakala hamsini zina mwenyewe kabla ya mashine kuwashwa, anathubutu. Asipojua, anasitasita, na hana kosa.

Vyama vyetu vya msingi vinakata fedha kwenye kila kilo ya korosho, na wanachama wameshazoea kukatwa kwa ajili ya hiki na kile. Baadhi ya makato hayo yanajenga madarasa, jambo jema. Sasa madarasa yamejengwa, ndani kuna nini cha kusoma ambacho kimeandikwa na mtu aliyewahi kuchuma korosho? Chama kilichokusanya tani 500 kikikata shilingi moja tu kwa kilo kinapata shilingi 500,000. Hizo ni nakala hamsini za kitabu cha shilingi 10,000, zigawiwe kwenye shule za kata, ziwe na mhuri wa chama. Vyama vikiwa sita tu kati ya vyote vilivyo chini ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU, nakala 300 zimeisha, na mchapishaji anapiga simu kuulizia mswada mwingine.

Mkulima hataihisi shilingi hiyo. Kuipitisha kunahitaji hoja iandikwe kwa ukurasa mmoja, ipelekwe kwa katibu wa chama, iingie kwenye ajenda za mkutano mkuu kabla msimu haujafunguliwa. Na anayejua kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka, kijijini, tunamjua: ni yule mwalimu mstaafu mwenye kaunta ya kwaya tatu, ambaye naye ni mwanachama na ana haki ya kunyoosha mkono.